Mahabusu akikuponyoka, kesi inakugeukia wewe

Nimevaa magwanda miaka kumi na kitu na hakuna usiku unaonirudia kichwani kama ule wa wodini. Tulikuwa wawili tunamlinda mahabusu mgonjwa, mkono mmoja umefungwa pingu kwenye chuma cha kitanda. Saa nane usiku akaanza kulalamika mkono umevimba, na kweli ulikuwa umevimba, mwenzangu akamwonea huruma akamfungua, mi nikatoka kidogo kwenda kuchaji simu kule kwa manesi, narudi nakuta kitanda kitupu, pingu inaning'inia, mpira wa dripu unachuruzika sakafuni. Mwenzangu kasimama mlango wa choo anagonga anaita jina. Dirisha la choo halikuwa na nondo, na tangu tupokee lindo jioni hakuna kati yetu aliyeingia humo kuangalia.

Asubuhi hiyohiyo tukahojiwa wote wawili, kama watuhumiwa na sio mashahidi. Hapa ndo nataka vijana mnaoanza kazi mnielewe. Wengi wetu tunaamini kama hujala hela ya mtu basi baya kabisa litakalokupata ni adhabu ya kinidhamu. Sio kweli hata kidogo. Nchi nyingi zina kosa la kumwachia mtu kwa makusudi na zina kosa jingine la kumwachia kwa uzembe, na hilo la pili halihitaji rushwa wala njama. India kwa mfano, kifungu cha 223 cha sheria yao ya adhabu ya mwaka 1860 kilisema mtumishi wa umma akizembea mpaka aliye mikononi mwake akatoroka, kifungo ni hadi miaka 2, au faini, au vyote viwili, na sheria mpya iliyoanza kutumika Julai 2024 imelibeba kosa hilohilo. Ufilipino kuna kesi ya zamani ya mwaka 1915, askari alimruhusu mtu aliyekuwa anamlinda aende kununua sigara hapo karibu tu, jamaa akajichanganya kwenye umati akapotea, askari akatiwa hatiani kwa uzembe. Sigara tu jamani. Kila nikiikumbuka ile kesi naona ile pingu yetu.

Ujerumani ndo utashangaa zaidi. Kule mfungwa akijitorosha mwenyewe, kule kutoroka kwenyewe hakumpi kesi mpya, lakini anayemtorosha ana hadi miaka 3, na akiwa ni mtumishi mwenye wajibu wa kuzuia asitoroke, hadi miaka 5. Yaani aliyekimbia hana kesi ya kukimbia, aliyemwachia ndo anayo.

Na usiseme "mi sikujua". Mwaka 2015 pale gereza la Clinton, jimbo la New York, wafungwa wawili wauaji walitoka kwa kukata chuma, na misumeno ilikuwa imeingia ndani ya nyama ya kusaga iliyogandishwa. Askari aliyeipitisha bila kuikagua alisema hakujua kilichomo, ila ilionekana kwamba kabla ya hapo alishawapa bisibisi na koleo, vifadhila vidogovidogo vya kuzoeana. Alikiri makosa akahukumiwa miezi 6.

Kwa hiyo ukipokea lindo, ingia chooni kwanza, shika nondo kwa mkono wako, angalia kufuli, alafu andika kwenye kitabu ulichokikuta na mko wangapi. Mgonjwa akilia na pingu mwite nesi, mpigie mkuu wa zamu, hamishieni mkono mwingine mkiwa wawili, na hilo nalo liandikwe na saa yake. Mtu akishatoroka toa taarifa palepale hata kama unatetemeka, mwenzangu alizunguka nje peke yake kama dakika ishirini akitumaini atamkamata kabla watu hawajajua, na zile dakika ndo zilizomwangusha mahakamani, maana upande wa mashtaka ulizifanya zionekane kama muda wa kumpa mtu nafasi ya kufika mbali. Alifungwa mwaka mmoja. Hakuwa mla rushwa, namjua, mpaka leo naumia.

Mi nilishushwa cheo na nilistahili, ile simu niliisema mwenyewe tangu maelezo ya kwanza sikuificha. Kilichonitoa kwenye kesi ni mstari mmoja niliouandika saa kumi na mbili jioni, kwamba tumepokea lindo tuko wawili badala ya watatu na pingu ni moja. Mwanasheria wangu aliusoma mara mbili kwa sauti. Lakini yule aliyetupanga wawili, aliyejua fika utaratibu unataka watatu, hakuwahi kuitwa hata kuulizwa, na ule mstari ulikuwa pale kwenye kitabu kila mtu anauona.