Mbwa anapumua na mlio: maswali yenu ya wiki hii

Wiki hii meseji nyingi ni za mbwa wanaotoa milio ya ajabu wakipumua, nimechukua nne. Ombi langu kwenu wote, mlio ukianza chukua simu umrekodi video, maana mkifika kwa daktari wa mifugo mbwa anakuwa kimya kabisa, na video ya sekunde 20 inamsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa.

Sinza: Mbwa wangu mdogo ghafla anasimama, ananyoosha shingo, anavuta hewa puani kwa nguvu huku anakoroma, muda mfupi tu anaacha anarudi kucheza. Jirani anasema mfupa umemkwama, nimtie kidole?

Usimtie kidole dada. Kwa unavyoeleza hii ni chafya ya kinyume, yaani badala ya kutoa hewa kwa kishindo anaivuta ndani, na inaletwa na kitu kinachomwasha nyuma ya pua, vumbi, moshi wa mkaa, pafyumu, dawa ya mbu, au hata furaha tu umerudi nyumbani. Msugue koo taratibu ameze mate, itakata. Aliyekwamwa kweli haachi mwenyewe, anapaparika, anajikwaruza mdomo kwa miguu, mate yanamwagika na ulimi unaanza kuwa wa bluu, huyo mfungue mdomo, kitu ukikiona wazi kitoe, usipokiona usichokonoe, kimbia naye kwa daktari. Ila kama hiyo chafya imekuwa ya kila siku, au damu inatoka tundu moja la pua, apimwe.

Mbezi Beach: Nina Pug, hawa mbwa wa pua bapa, anakoroma hata akiwa macho, aliyeniuzia anasema ndivyo walivyo. Joto hili nimwache tu?

Hapa naomba tusikilizane vizuri. Kweli Pug wengi wanakoroma, na Bulldog pia, lakini kuwa wengi hakufanyi iwe salama, ule mlio ni hewa inapita kwa shida, tundu za pua ni nyembamba na kaakaa laini la nyuma ni refu linaziba njia. Sasa mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi, anajipoza kwa kuhema, na Dar kuanzia Desemba mpaka Machi hewa imejaa unyevu kwahiyo hata mbwa mwenye pua ndefu anapata tabu, wako je? Mtembeze alfajiri kabla jua halijachomoza, mchana akae kwenye feni na maji, usimwache ndani ya gari hata dakika 5, na mpunguze mwili, mafuta ya shingoni yanambana zaidi.

Joto la kawaida la mbwa ni kama nyuzi 38 hadi 39, likivuka 41 viungo vya ndani vinaanza kuharibika. Ukiona ulimi mwekundu sana, mate mazito, anayumba au anatapika, usisubiri umfikishe kliniki ndio apozwe, mmwagie maji ya bomba mwili mzima hapohapo, mpepee, halafu ndio mtoke, madirisha wazi. Taulo lililolowa usimfunike nalo, linatunza joto. Na operesheni ya kupanua pua na kupunguza kaakaa ipo, ulizia mapema akiwa bado kijana. Wanaotaka kununua, angalieni pua ya mtoto na ya mama yake, kama tundu ni mstari tu, acheni.

Mbagala: Mbwa wa kienyeji wa ulinzi, hana mlio ila anahema sana hata usiku kukiwa na baridi, hali chakula, kupe wamemjaa.

Kaka mpeleke leo. Kupe wanaambukiza vijidudu vinavyovunja damu, damu ikipungua mbwa anahema ili apate hewa ya kutosha. Angalia fizi, na kama ni nyeusi kiasili kama walivyo wengi wa kienyeji, vuta chini kope ya jicho uone ndani, pakiwa peupe au pa njano hali ni mbaya. Akilala hesabu kifua kinapanda mara ngapi kwa dakika, zaidi ya 30 tena na tena si kawaida, iwe kupe, moyo au mapafu. Apimwe damu, dawa ipo na akiwahi anapona.

Kigamboni: Labrador wangu mzee, kubweka kwake kumekuwa kwa sauti ya kukwaruza, akivuta hewa anatoa mlio mkavu hasa akitembea. Nimeanza kumpa dawa ya maji ya kikohozi ya watoto.

Mlio wa kuvuta hewa pamoja na sauti kubadilika kwa mbwa mkubwa mzee, kinachoshukiwa kwanza ni koromeo kupooza, halifunguki vizuri anapovuta pumzi. Kola ivue leo, mnunulie mkanda wa kifuani, matembezi yawe mafupi na ya jioni, na akaguliwe koo. Hiyo dawa acha kabisa, baadhi zina parasetamoli na nyingine zimetiwa utamu wa zailitoli, vyote vinaweza kumuua mbwa. Chupa yenyewe nenda nayo kwa daktari, mwambie umempa kiasi gani na mara ya mwisho lini.