Mzee Akisema "Ni Uzee Tu," Usimkubalie

Wiki hii nimepokea ujumbe wa msomaji ambaye mama yake, mwenye miaka sabini na kitu, amegundulika kuwa na melanoma, aina ya saratani ya ngozi, iliyokwisha kusambaa hadi kwenye mapafu. Daktari amependekeza imunotherapi, yaani dawa za kuifanya kinga ya mwili ipambane na saratani. Ndugu wamekaa kikao wakaamua kwamba mama ameshakula chumvi nyingi, aachwe apumzike. Ananiuliza: dada, wewe ulifanyaje kwa baba?

Nianze na hao ndugu, maana nawafahamu hata bila kuonana nao. Umri peke yake si sababu ya kumnyima mtu dawa hizi. Jimmy Carter, rais wa zamani wa Marekani, alitangaza Agosti 2015 kwamba melanoma imemfika kwenye ini na ubongo. Alikuwa na miaka 90. Alifanyiwa upasuaji wa ini, akapigwa mionzi kichwani, akapewa pembrolizumab, moja ya dawa hizi, na Desemba mwaka huohuo akasema vipimo havionyeshi tena saratani. Alifariki mwishoni mwa 2024, akiwa na miaka 100. Si kila mzee atakuwa Carter, asije mtu kunidai. Lakini kabla ya mwaka 2011, dawa nyingine ya aina hii, ipilimumab, ilipoidhinishwa Marekani, wengi ambao melanoma ilishasambaa mwilini hawakuwa wakimaliza mwaka. Utafiti uliowafuatilia wagonjwa kwa miaka 10, ukachapishwa 2024, ulionyesha kwamba kati ya waliopewa ipilimumab pamoja na mwenzake, nivolumab, asilimia 43 walikuwa bado hai. Kwa hiyo "aachwe apumzike" iwe kauli ya mgonjwa mwenyewe baada ya kuelezwa, isiwe ya kikao.

Baba yangu alielezwa. Alimsikiliza daktari mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: nywele zitanyonyoka? Akaambiwa kwa kawaida hapana, hii si kemo. Akasema, basi tuanze.

Melanoma yake ilianzia unyayoni, doa jeusi ambalo kila mtu nyumbani alilijua na kuliita sugu. Kwa watu wenye ngozi nyeusi melanoma hupenda kujificha huko: unyayoni, kiganjani, chini ya ukucha. Habari za upasuaji na foleni za vipimo nazirukia, kila mwenye mgonjwa anazo za kwake.

Kitu ambacho ningependa ukielewe mapema ni kwamba dawa hizi zenyewe haziui saratani. Seli za kinga zina breki, ili zisiushambulie mwili wa mwenyewe, na saratani huikanyaga breki hiyo ili isiguswe. Dawa inaiachia. James Allison na Tasuku Honjo walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa kugundua jambo hilo. Ila breki ikishaachiwa, kinga inaweza kugeukia chochote: utumbo, ini, mapafu, ngozi, tezi. Ndiyo maana wanaokuletea unga na vidonge vya "kuongeza kinga" wapokee vizuri, washukuru, uviweke kabatini mpaka daktari aseme. Kinga ya mama haina upungufu wa kasi.

Siku ya dripu si siku ngumu. Mnakaa kwenye kiti, dawa inaingia, mnarudi nyumbani. Kazi ni zile wiki za katikati, ambapo hakuna daktari wala nesi, ni wewe na mzee ambaye amelelewa kutolalamika. Mbele ya daktari baba alikuwa na jibu moja: "Nzuri tu, dokta." Angeweza kulisema akiwa na homa kali.

Baada ya dripu ya pili niliingia bafuni asubuhi nikakuta suruali yake imefuliwa na kuanikwa juu ya mlango, inadondosha maji. Baba hajawahi kufua nguo tangu nimjue. Nilimuuliza, akasema ameimwagia chai. Nikamuuliza tena, kwa adabu, nikiwa nimesimama mlangoni ili asipite. Ndipo akasema alikuwa anaharisha tangu juzi, usiku kucha, na hakutaka kunisumbua.

Watu wengi wangekimbilia dawa ya kuzuia kuharisha. Usiitoe kimyakimya, inaweza kuficha moto unaowaka kwenye utumbo mpana, na utumbo huo ukiachwa unaweza hata kutoboka. Hesabu safari za chooni ukilinganisha na kawaida yake. Kama kawaida yake ni mara moja na leo ameenda mara tano, hiyo ni simu ya leoleo kwa kitengo cha saratani, hata kama anacheka na kula. Ukiona damu, au tumbo linauma, au anahema kwa shida, usipige simu kuuliza, nenda.

Baba aliwekwa kwenye steroidi, dawa za kuituliza kinga iliyopitiliza. Zilimsaidia utumbo, zikamwondolea usingizi. Saa nane za usiku alikuwa anapanga upya makabati na kuniamsha aniulize nani alihamisha koleo mwaka gani. Alikuwa mkali pia, yeye ambaye ni mpole. Hili hatukuambiwa na mtu. Kama daktari atakubali, dozi imezwe asubuhi, na dozi isikatwe ghafla mtakapoona amepata nafuu. Inapunguzwa kidogo kidogo, kwa wiki kadhaa, kwa ratiba ya daktari.

Sasa nifike kwenye uzee.

Miezi kadhaa baadaye, wakati skani zilishaanza kutuchekea, baba akaanza kuchoka. Asubuhi moja nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, shati limefungwa vifungo viwili, mikono imelala mapajani. Alikuwa anapumzika kabla ya kifungo cha tatu. "Niache mwanangu," akasema, "ni uzee tu." Kaka yangu mkubwa, ambaye humwona baba kwenye kioo cha simu kila Jumapili, alisema hivyohivyo, na akaongeza kwamba namkagua mzee kama mtoto mchanga mpaka nimemtia ugonjwa. Hata daktari wa zamu tuliyemwendea alitazama tarehe ya kuzaliwa kabla ya kumtazama mgonjwa.

Lakini mimi nilikuwa na daftari. Kila siku niliandika mistari mitatu: choo, nguvu, pumzi. Mwezi uliotangulia baba alikuwa anatembea mpaka barabarani na kurudi bila kupumzika. Mtu hazeeki hivyo ndani ya wiki tatu. Nikalifungua mezani, nikataja dawa anazopata, nikasema siondoki bila kipimo cha kotisoli, homoni ambayo mwili hauwezi kuishi bila hiyo. Ilikutwa chini sana, na sodiamu, chumvi ya kwenye damu, ilikuwa imeshuka pamoja nayo. Tezi ya pituitari, ile ndogo iliyo chini ya ubongo na inayoagiza kotisoli itengenezwe, ilikuwa imeshambuliwa na kinga yake mwenyewe. Tungerudi nyumbani na ule "uzee," angeweza kuzimia siku yoyote na asiamke. Kaka hajaniambia pole wala asante hadi leo. Nimesamehe, ila najua huwa anasoma hapa.

Nyinyi wenye wazee kwenye dawa hizi, nawasihi: uchovu mpya, kichwa kuuma, kizunguzungu akisimama, baridi ambayo wengine hawaisikii, vyote hivyo ni vya kuripoti. Tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, nayo huharibika mara nyingi, na dalili zake zinafanana na uzee kupita kiasi. Ulizeni kama thairoidi inapimwa kabla ya dripu. Msione haya kuitwa wasumbufu. Mzazi aliyekubeba hakuona haya kumsumbua nesi kwa ajili yako. Mwenye daftari anasikilizwa kuliko mwenye machozi, na nimewahi kuwa na vyote viwili kwenye chumba kimoja.

Baba sasa anameza haidrokotisoni, kidonge cha kuziba pengo la kotisoli, kila siku, na huenda ikawa ya maisha, maana pituitari ikishaumizwa na dawa hizi kotisoli kwa kawaida hairudi. Haruki hata siku moja. Akipata homa, dozi inaongezwa kama alivyoelekezwa. Akitapika na kushindwa kuimeza, ni hospitali moja kwa moja.

Mwisho, omba kadi ya tahadhari kwenye kitengo chenu, ile inayoandikwa kwamba mgonjwa anapata imunotherapi na namba ya kupiga. Usiseme "kemo" kwa urahisi wa maneno, kwa sababu madhara yake hutibiwa tofauti kabisa. Mwonyeshe kadi hiyo daktari yeyote atakayemshika mama, wa meno akiwemo, hata kama dripu ya mwisho ilikuwa mwaka jana. Madhara yanaweza kuja miezi mingi baada ya dawa kusimama.