Kwa mnaoanza fizikia: ulinganifu upimwe kabla ya kusifiwa

Wadogo zangu, nimesahihisha tena rundo la ripoti za mradi, na tena nimekuta gamba la nautilasi, yule mnyama wa baharini wa jamii ya pweza, limechorewa juu yake spirali ya dhahabu, yaani mzingo unaopanuka kwa uwiano wa dhahabu (takriban 1.618) kila robo ya mzunguko. Mchoro unapendeza, vipimo hakuna. Nawapenda, ndiyo maana nasema kwa ukali.

1. Shikeni rula. Spirali ya dhahabu hupanuka karibu mara 6.9 kwa kila mzunguko mzima. Gamba la nautilasi hupanuka kama mara 3 tu. Anayetaka uwiano wa dhahabu aende kwenye alizeti, ahesabu spirali za mbegu. Mara nyingi atapata 34 zikielekea huku na 55 kule, kwa kuwa kila mbegu mpya huota takriban nyuzi 137.5 kutoka ile iliyotangulia.

2. Mkiona ulinganifu, ulizeni: nikibadilisha hiki, nini kinabaki vilevile? Mwanahisabati Emmy Noether alithibitisha mwaka 1918 kwamba kila ulinganifu endelevu wa kanuni za fizikia (wa mabadiliko ya kidogo kidogo, yasiyoruka) una kitu kinachohifadhika. Kanuni zikiwa zilezile leo na kesho, nishati huhifadhika. Zikiwa zilezile hapa na pale, momentamu (tungamo mara kasielekeo) huhifadhika. Uthibitisho wake usisubiri mwaka wa tatu.

3. Msidharau jiometria takatifu, yaani imani kwamba maumbo kamili ndiyo msingi wa ulimwengu, ila msiiachie iamue. Hapa nitakawia kidogo, maana kosa la mwanaastronomia Kepler ndilo mnalolirudia bila kurudia ujasiri wake. Mwaka 1596, akiwa mwalimu kijana wa hesabu huko Graz, alijiuliza kwa nini sayari ni sita. Akajibu: kwa sababu maumbo kamili ya Plato (yale ya pande zote sawa, kama mchemraba) ni matano, nayo yanajaza nafasi tano zilizo kati ya sayari hizo. Mchemraba akauweka kati ya Zohali na Mshtarii, na kadhalika hadi Zebaki. Aliamini ameuona mchoro wa Muumba mwenyewe. Imani hiyo ndiyo iliyompeleka kwa mpima nyota Tycho Brahe mwaka 1600, kutafuta vipimo bora vya kuithibitisha.

Vipimo vikamgeuka. Njia ya Mirihi aliyoikokotoa kwa duara ilikosana na vipimo vya Tycho kwa dakika 8 za pembe, kama robo ya upana wa mwezi mpevu. Nani angemlaumu kama angezifumbia macho? Hakuzifumbia. Aliitupa kazi ya miaka, akaliacha duara lililoheshimiwa tangu Wagiriki, na mwaka 1609 akachapisha duaradufu. Lakini maumbo yake matano hakuyaacha. Aliyachapisha tena 1621. Mwaka 1781 Herschel akagundua Uranus, na ile sita ikaanguka. Sasa nambieni, ninyi mnaofuta nukta moja ya grafu kwa kuwa "imeharibu umbo", mmejifunza nini kwake?

4. Hata ulinganifu ambao kila mtu anauamini hupimwa. Wanafizikia Lee na Yang waliuliza mwaka 1956 kama kani dhaifu, ile inayosababisha baadhi ya viini vya atomu kuoza, inajali kushoto na kulia. Mwanafizikia Chien-Shiung Wu akapoza kobalti-60, ambayo ni kobalti yenye mnururisho, hadi karibu na sifuri halisi, akapanga viini vyake kwa sumaku, akaona elektroni zikitoka zaidi upande mmoja: kani hiyo inajali, ulinganifu ule haupo. Mwaka 1957 Lee na Yang walipewa Tuzo ya Nobel. Wu hakupewa, na mimi hilo bado linaniuma.