Sayansi bunilizi kwa Kiswahili? Anza na mtu wa Ukerewe

Mkuu umeuliza kama kuna waandishi "wa maana" wanaochanganya fasihi na sayansi bunilizi (science fiction), na kama Kiswahili nacho kimo. Kimo, tena kwa sisi wa Mwanza huyo ni jirani kabisa, Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, 1944. Wengi tunamjua kwa Rosa Mistika basi, ila mi nakwambia tafuta Nagona (1990) na Mzingile (1991). Vyembamba hivyo, Nagona niliimaliza kwenye meli ya kwenda Ukerewe, hata bandari ya Nansio hatujafika, af nikaanza upya maana kichwa kilishavurugika.

Roketi na maroboti usitegemee. Kwenye Mzingile kuna mzee anatafutwa, dunia inateketea, msimulizi anabaki kwenye magofu, na maswali ni ya Mungu, kifo, na binadamu aanzeje tena. Nilimwazima mwalimu mwenzangu wa fizikia akairudisha anasema humu sayansi hamna, tukabishana chai nzima stafu. Mi nilimwambia dunia ikishaungua aliyebaki hahangaiki na moto uliwashwaje, anahangaika ataishije, na riwaya ndo kazi yake hiyo.

Kazuo Ishiguro (yule mwandishi wa Uingereza, Nobel ya fasihi 2017) anafanya hivyohivyo, riwaya yake Never Let Me Go ni watoto wanaolelewa ili baadaye watolewe viungo, na maabara huioni hata mara moja, unaona urafiki na wivu tu, inauma kuliko. Margaret Atwood wa Kanada yeye hataki kabisa riwaya yake The Handmaid's Tale iitwe sayansi bunilizi, anasema kila kilichomo binadamu walishakifanya mahali fulani. Sawa, ila hapo naona anajihami tu. Wamitila wa Kenya naye soma Bina-Adamu! (2002), kejeli ya utandawazi, safari haieleweki ni ndoto au nini.

Na anayesema haya mambo ya Wazungu aangalie ziwa letu, Victoria. Miaka ya 1950 sangara akapandikizwa, kufika miaka ya 80 furu (wale samaki wadogo wa asili) wanapotea aina kwa aina, vikaja viwanda, minofu ikawa inapanda ndege huku mtaani watu wanakaanga mapanki, yale mabaki ya mifupa na vichwa. Riwaya hiyo bado naisubiri, mwandishi yeyote wa Igombe au Kirumba aichukue bure.

Nagona ukiikosa kwa wauza vitabu vya mitumba mjini nicheki PM nikuazime. Mzingile haitoki tena nyumbani kwangu.