Nakatwa kodi kwenye mshahara, na jioni nina kazi yangu: nifanyeje?

SWALI: Shikamoo Mama Mhasibu. Mimi ni mwalimu wa sekondari binafsi hapa Dodoma, nafundisha Kiswahili na Kiingereza. Mshahara wangu ni shilingi 950,000 na kila mwezi nakatwa NSSF, mchango wa pensheni, na PAYE, kodi ya mshahara. Tangu mwaka juzi, jioni na Jumamosi, nafasiri ripoti za taasisi zinazofanya semina hapa mjini na kuhariri tasnifu za wanafunzi wa vyuo. Mwaka jana kazi hizo ziliniingizia milioni nane. Taasisi zilinikata asilimia tano, zikasema ni kodi. Mwalimu mwenzangu anasema nimeshalipa mara mbili, kwenye mshahara na kwenye hiyo asilimia tano, kwa hiyo nitulie. Mwingine anasema niende TRA, Mamlaka ya Mapato, nikakadiriwe kama wenye vibanda vya soko la Majengo, nilipe laki mbili na nusu yaishe. Nani yuko sahihi? Mwajiri wangu atajulishwa? Na mwaka juzi sikujaza chochote.
Mwalimu wa Nkuhungu

JIBU: Marahaba, mwalimu. Nimeisoma barua yako mara mbili, kwa sababu nami nilipita njia hiyo hiyo. Wenzako wamekushauri kwa nia njema, ila wote wawili wamekosea, na kosa lao litakugharimu ukilifuata.

Anza na hili: TRA haihesabu kazi zako, inakuhesabu wewe. Una TIN moja, yaani namba ya mlipakodi, na mapato yako yote ya mwaka yanamwagwa kwenye kapu moja kabla ya kodi kupigwa. Mtu ambaye kipato chake ni mshahara peke yake, na mwajiri anamkata PAYE, sheria imemsamehe kujaza ritani, ile taarifa ya mapato na kodi ya mwaka. Ndiyo maana walimu wenzako wengi hawajawahi kuiona. Wewe msamaha huo ulikutoka siku ulipopokea malipo ya kwanza ya kufasiri.

Sasa huyu wa laki mbili na nusu. Ule utaratibu wa kutozwa kwa kuangalia mauzo ghafi, bila kupiga hesabu ya faida, umewekwa kwa mtu ambaye mapato yake yote ya mwaka yanatokana na biashara tu. Mama anayeuza dagaa na mchele wa Bahi pale sokoni anaingia humo. Wewe una mshahara, kwa hiyo mlango huo haukuhusu. Ukienda ukakadiriwa bila kutaja ajira yako, utakuwa umetoa taarifa isiyo kamili, na siku TIN yako ikifunguliwa, PAYE ya shule itaonekana pale pale. Usiende huko, mwanangu.

Na yule wa kwanza, wa asilimia tano. Ile inaitwa kodi ya zuio. Taasisi inayokulipa ada ya huduma inatakiwa ikate asilimia 5 na kuipeleka TRA kwa jina lako. Kwako hayo ni malipo ya awali, kama kishika uchumba. Mahari yenyewe bado. Mwisho wa mwaka unapiga kodi yote, halafu unatoa kile kilichokwisha kukatwa.

Tupige hesabu yako, maana maneno matupu hayatoshi. Nimetumia viwango vya Tanzania Bara, vyenye ngazi ya kwanza ya asilimia 8 iliyoanza Julai 2021.

Mshahara 950,000, toa NSSF asilimia 10, yaani 95,000. Inabaki 855,000 ya kutozwa. Kwa mwezi unakatwa PAYE 91,750. Angalia slipu yako, kama tarakimu haifanani niandikie. Kwa mwaka mshahara unaotozwa ni 10,260,000 na PAYE yake ni 1,101,000.

Kwenye kufasiri na kuhariri uliingiza 8,000,000. Hukuniambia mgawanyo, kwa hiyo nachukulia 6,000,000 zilitoka taasisi (zikakatwa 300,000) na 2,000,000 kwa wanafunzi, ambazo hazikukatwa kitu. Hutozwi kwa hizo milioni nane zote. Unatozwa faida, yaani baada ya kutoa gharama zilizotumika kuzalisha kipato hicho. Gharama nazo nazikisia, wewe weka zako. Kompyuta mpakato ya 1,600,000 uliyoinunua mwaka huo kwa kazi hii tu: huitoi yote kwa mkupuo. Kompyuta ziko kwenye kundi la kwanza la uchakavu, asilimia 37.5 ya thamani inayobaki kila mwaka, kwa hiyo mwaka wa kwanza unatoa 600,000. Bando la intaneti, sehemu ya kazi tu, 20,000 kwa mwezi, jumla 240,000. Usafiri wa kwenda kwenye semina na kupeleka kazi, 300,000. Karatasi, wino na kurudufu, 260,000. Gharama zote 1,400,000. Faida 6,600,000.

Hapa ndipo watu wengi hushtuka. Wanadhani ile faida inaanza tena chini, kwenye ngazi ya sifuri. Haianzi chini. Mshahara wako umeshakalia ngazi za chini zote, kuanzia ile 3,240,000 ya mwaka isiyotozwa. Faida inaanzia pale mshahara ulipoishia. Kapu lako ni 10,260,000 na 6,600,000, jumla 16,860,000. Hadi milioni 12 kodi ni 1,536,000. Kinachozidi hapo, 4,860,000, kinatozwa asilimia 30, yaani 1,458,000. Kodi ya mwaka mzima ni 2,994,000. Toa PAYE 1,101,000. Toa kodi ya zuio 300,000. Unadaiwa 1,593,000.

Najua tarakimu hiyo inauma, mwalimu, ni zaidi ya mshahara wa mwezi mmoja na nusu. Inauma zaidi kwa sababu fedha zenyewe zimeshaliwa: zimelipa kodi ya nyumba, ada ya mdogo wako, mahindi ya msimu. Ndiyo sababu nakuomba, kuanzia malipo yajayo, kila fedha ya kufasiri ikiingia kwenye simu au benki, tenga robo yake siku hiyo hiyo kwenye akaunti nyingine usiyoizoea. Kwa mtu mwenye mshahara kama wako na gharama ndogo kama hizi, robo inatosha na chenji inabaki.

Sheria pia haitaki usubiri mwisho. Ukiwa na kipato cha biashara unatakiwa upeleke makadirio ya mwaka unaoendelea ifikapo 31 Machi, na ulipe kwa awamu nne: 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba. Kazi zikiongezeka au zikipungua katikati ya mwaka unaruhusiwa kuyarekebisha makadirio. Usiyashushe mno kwa makusudi, kwa sababu ukikadiria chini sana riba inakufuata. Ritani ya mwaka uliopita inawasilishwa ndani ya miezi sita, yaani mwisho 30 Juni, kwenye mfumo wa TRA wa mtandaoni. Kama TIN yako uliichukua kwa ajili ya ajira tu, nenda kwanza ofisi ya TRA wakuongezee taarifa za biashara. Namba haibadiliki.

Sasa risiti, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo nilipoumia mimi.

Mwaka 2013 nilikuwa mhasibu wa kuajiriwa hapa mjini na jioni natunza vitabu vya wenye maduka. Nilikuwa nafanya hesabu za watu, zangu nikazitupia kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati, nyumba ya bati kule Chang'ombe, dirisha la magharibi. Ilipofika Juni mwaka uliofuata nikaishusha. Risiti za EFD, zile za mashine za kodi za madukani, zilikuwa zimebaki nyeupe. Nilizielekeza kwenye taa, nikazigeuza, nikaona kivuli tu cha mistari pale ilipokuwa jumla. Karatasi ile inachapwa kwa joto, na joto lingine likija linaifuta, na jua la Dodoma mnalijua. Gharama za shilingi 1,100,000 nikashindwa kuzithibitisha, na kwa kuwa nilikuwa kwenye ngazi ya asilimia 30, hiyo ikawa kodi ya 330,000 ambayo sikustahili kuilipa. Mama yangu Mpwapwa aliuza mbuzi watatu kunisaidia. Hakunilaumu, lakini kila nikienda nyumbani nikilitazama zizi nakumbuka.

Kwa hiyo: risiti ikitoka kwenye mashine, ipige picha hapo hapo dukani, kabla hujaikunja. Usiku itoe kopi uibandike kwenye daftari, andika pembeni ni ya kazi gani. Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari lenyewe litunze miaka mitano, ndivyo Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inavyotaka. Hakikisha risiti ina jina lako na TIN yako. Muuzaji akisema mashine mbovu, nunua kwingine.

Bodaboda na bajaji hawana mashine, najua. Andika tarehe, umetoka wapi kwenda wapi, kazi gani, na ulipe kwa simu ili ujumbe ubaki. Hata hivyo gharama isiyo na risiti afisa anaweza kuikataa, kwa hiyo usizitie chumvi. Nauli ya kutoka Nkuhungu kwenda shuleni kwako usiiandike kabisa, hiyo ni yako binafsi. Suti ya kuvaa semina vilevile. Bando mnalotumia nyumbani kuangalia tamthilia, toa sehemu ya kazi tu, kama nilivyofanya juu.

Kuhusu mwajiri: ritani haipiti kwake. Ni kati yako na TRA, na maofisa wanafungwa na sheria kutunza siri za mlipakodi. Mkataba wako wa ajira ni jambo jingine; usome uone kama unakutaka utoe taarifa ukiwa na kazi ya pembeni. Ila mwombe mhasibu wa shule cheti cha PAYE ya mwaka mzima. Usimwonee aibu, ni haki yako na anacho.

Mwaka juzi usiuache nyuma. Adhabu ya kuchelewesha ritani inahesabiwa kila mwezi au sehemu ya mwezi, na riba juu ya kodi inajizalisha yenyewe, kwa hiyo kila wiki unayoogopa inaongeza deni. Jaza ritani ya mwaka juzi kwanza, halafu ya mwaka jana, uende mwenyewe ofisini ukiwa na daftari mkononi. Ukiona huwezi kulipa kwa pamoja, andika barua kuomba muda wa kulipa kidogo kidogo. Sheria inaruhusu kuombwa, na nimewasindikiza wateja waliokubaliwa. Anayekwenda mwenyewe husikilizwa tofauti na anayetafutwa.

Kazi ya wiki hii ni moja, na usiiahirishe: vyeti vya kodi ya zuio. Bila cheti, ile 300,000 ni maneno yako dhidi ya mfumo. Taasisi moja iliyowahi kunikata kwenye malipo ya semina ilinizungusha miezi minne, kisha mhasibu wao akahama, nami sikuwa nimeandika popote nilichodai. Usiombe kwa mdomo. Peleka barua, gonga muhuri wa mapokezi kwenye nakala yako, moja kwa kila taasisi. Mistari hii inatosha:

"Naomba cheti cha kodi ya zuio iliyokatwa kwenye malipo yangu ya kufasiri ripoti. Ankara namba ......, ya tarehe ......, kiasi cha ankara shilingi ......, kilichokatwa shilingi ....... TIN yangu ni ....... Naomba nikipate kabla ya tarehe 15 Juni ili nikitumie kwenye ritani yangu ya mwaka. Nakala ya ankara nimeiambatisha."