Chopper ya Mpwapwa: kabla hujashika msasa

Mi nilianza na rangi, ndo maana siku hizi nikimkuta mtu kanunua baiskeli ya zamani halafu siku ya kwanza tu ana msasa mkononi, roho inaniuma. Yangu, hii Chopper, niliipata Mpwapwa kwa mzee mmoja, kaachiwa na Wazungu waliokuwa wakifanya kazi huko zamani wakaondoka, na pale nyumbani kwake ilikuwa ya kubebea maji maana ile siti ndefu inakaa dumu la lita 20 vizuri kabisa ukifunga na mpira. Nikampa elfu sitini, nikaipakia juu ya basi mpaka Dodoma mjini, na Jumapili jioni nilikuwa nimeshaisugua fremu yote mpaka chuma. Nilidhani ile kahawia ni kutu. Kumbe ni tope la Mpwapwa limekaukia juu ya rangi yake ya kiwandani, na herufi za jina zilikuwepo chini, nimekuja kuona kipande kidogo tu kilichobaki nyuma ya lile bomba la siti. Maji ya sabuni na kitambaa vingetosha. Sasa ndo hivyo, ukishasugua umesugua.

Kwa ambao hamzijui hizi baiskeli: ni zile za usukani mrefu uliopanda juu kama pembe za ng'ombe, siti ndefu kama ndizi, gurudumu la mbele dogo kuliko la nyuma. Watoto wa California ndo walianza kujitengenezea wenyewe, wanachukua baiskeli ndogo wanafunga usukani mrefu na siti ndefu, Schwinn wa Chicago wakaona biashara wakatoa Sting-Ray mwaka 1963. Raleigh wa Nottingham nao wakaja na Chopper, Uingereza ikaanza kuuzwa 1970, nyuma inchi 20 mbele 16, na gia yake ipo katikati ya fremu mbele ya siti kama lever ya gari. Marekani wanazifananisha na yale magari yao ya injini kubwa, ya misuli. Kwa hiyo ukikutana na kitu cha namna hiyo stoo kwa babu au kwenye mitumba, usiichukulie kama kibaiskeli cha mtoto kilichoharibika.

Umri wake angalia kwenye habu ya nyuma, kile kitovu cha gurudumu. Kama ni ya kampuni ya Sturmey-Archer, ya gia tatu, futa uchafu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa mara nyingi utaona herufi AW, na karibu yake namba mbili za mwaka, pengine na mwezi. Yangu inasoma 74. Ila habu inaweza kuwa ilibadilishwa, kwa hiyo usianze kubishana na watu kijiweni kwa namba hiyo peke yake.

Sasa kitu ambacho nataka ukishike, na mimi kilinichukua miezi mitatu na bando la kutosha la video kukielewa: fundi wa Phoenix wa mtaani kwako anaijua hii baiskeli kuliko unavyodhani. Nilikuwa naona aibu kuipeleka kijiweni, nikiamini ni kitu cha kigeni kinataka spea za Ulaya. Siku nimeshindwa nikaikokota mpaka kwa mzee mmoja Majengo anayetengeneza baiskeli chini ya mti, akaizunguka mara moja, akagusa krenki, ule mkono unaoshika pedeli, akasema "hii Raleigh tu, imevaa nguo za disko." Nikacheka lakini ndo ukweli wenyewe. Phoenix zetu hizi zimeiga muundo wa Raleigh za zamani, kwa hiyo krenki zinashikwa na kotapini zilezile, gololi zilezile, na vitu hivyo Dodoma vinauzwa mpaka kwenye genge la vitunguu.

Kotapini nikueleze vizuri maana hapa ndo wageni wote wanaharibu. Ni kile kipini chenye upande mmoja uliochongwa bapa, kinapita kwenye krenki na kukaza ekseli, kina nati upande mmoja. Mimi nilifungua nati nikaitoa kabisa, nikapiga nyundo kwenye nyuzi za pini, pale nati inapojifunga, ikapinda ikafunguka kichwa kama uyoga, haitoki haiingii. Mzee alivyofanya kwenye ya upande wa pili: jana yake kaweka mafuta ya taa yaliyochanganywa na oil yakalala usiku mzima, asubuhi akalegeza nati mpaka ikalingana na mwisho wa pini, hakuitoa, halafu akachukua kipande cha bomba la maji akakisimamisha chini, ncha ya juu inagusa krenki kwa chini na tundu la bomba liko pale pini inapotokea. Akanambia nishike baiskeli isiyumbe. Akapiga mara moja, nyundo nzito, pigo moja la kiume, tukasikia "tok" pini ikaachia, akatoa nati, pini ikadondokea ndani ya bomba. Lile bomba ndo siri, bila hilo nguvu yote ya nyundo inaenda kwenye gololi na bakuli zake, unatoa pini unaua njia ya gololi.

Kurudisha nako kuna akili yake. Zungusha krenki, kila moja ikifika juu kwa zamu yake, nati ya pini yake lazima iangalie upande uleule kama ya mwenzake. Ukikosea hapo pedeli hazikai kwenye mstari mmoja, unaendesha unahisi mguu mmoja mfupi, na watu wengi wanadhani ekseli imepinda kumbe pini tu imewekwa kinyume. Pini mpya mara nyingi inahitaji kupigwa tupa kidogo ule ubapa, piga zote mbili sawasawa. Na usikaze kwa kuivuta na nati, igonge kwanza iingie, nati ni ya kuishikilia tu. Endesha siku mbili tatu halafu gonga tena ukaze tena, itakuwa imekaa.

Gololi za krenki ni robo inchi, 11 kila upande, badilisha zote hata kama zinaonekana nzuri, ni hela ya soda. Lakini bakuli zenyewe, kama hazijachimbika, ziache. Raleigh walikuwa na nyuzi zao wenyewe, 26 kwa inchi, wakati wengine wengi ni 24, sasa unanunua bakuli jipya linaingia mizunguko miwili halafu linakuwa gumu, we unadhani ni kutu unaongeza bomba kwenye spana... hapo umeshaua fremu. Likigoma kwa mkono, toa.

Habu ya nyuma usiifungue. Najua unatamani, mi pia nilitamani. Ndani kuna vigia vidogo, springi na vipande vingi, na mara tisa kati ya kumi haijafa, imekauka tu. Yangu ilikuwa imeganda, pedeli inazunguka gurudumu limekaa kimya kama halihusiki. Kwenye ganda la habu kuna kitundu cha kuwekea mafuta, nikamwaga mafuta ya taa, nikalaza baiskeli upande mmoja, kesho yake upande mwingine, ikaanza kutoka kitu cha njano kinanata kama gundi ya mgunga. Alizeti! Mtu miaka hiyo alikuwa anaweka mafuta ya kupikia. Sisi huku kati mafuta ya alizeti ndo yapo kila nyumba kwa hiyo naelewa, lakini yakikaa yanashikana na kuwa gundi, usiweke kabisa. Weka mafuta ya cherehani au oil nyepesi, kijiko kimoja cha chai, inatosha. Grisi pia hapana, vile vidude vya ndani vinatakiwa vicheze.

Halafu kuitegesha gia. Weka lever kwenye gia ya 2, angalia ile nati ya kulia ya gurudumu, ina kidirisha, ndani utaona kifimbo chenye kicheni. Mwisho wa kifimbo unatakiwa ulingane na mwisho wa ekseli, sio ndani sio nje. Unarekebisha kwa kuzungusha kile kikaza kebo. Usipuuze hili, maana katikati ya gia ya 2 na ya 3 kuna pahali ambapo hamna gia yoyote, pedeli inaachia bure, na kama umesimama unakanyaga kwa nguvu unashuka mzima mzima. Kwenye Chopper unashukia wapi? Ile lever ya gia iko mbele ya siti katikati ya miguu. Sisemi zaidi, kuna watoto humu.

Kutu ya vyuma vya kung'aa usinunue dawa. Karatasi ya silva ya jikoni, ikunje, ichovye maji, sugua taratibu, utaona uji mweusi unatoka, futa. Silva ni laini kuliko ile kromu kwa hiyo haichubui, tofauti na stilwaya ya kuoshea masufuria. Palipobanduka pamebanduka, hapo paka oil tu uishi napo. Nati na bolti ndogo loweka kwenye siki au maji ya ndimu masaa machache, suuza na maji ya magadi, anika, jua la Dodoma linamaliza kazi kabla hujapata chai. Mi nilisahau bolti mbili kwenye siki kuanzia Ijumaa mpaka Jumatatu nikakuta nyuzi zimeliwa. Na kila nati ikitoka irudishe palepale kwenye bolti yake kabla hujaenda kufungua nyingine, kopo moja la nati mchanganyiko ni mwezi mzima wa mateso.

Tairi. Usiende dukani ukasema "naomba inchi 20" ukaridhika. Kuna 20 za aina nyingi na haziingiliani, soma ubavuni zile namba mbili zenye kistari katikati, ya mwisho ndo kipenyo kinapokaa kwenye rimu, mfano 406, 419, 451, zote hizo zinaitwa 20. Baadhi ya Schwinn za zamani ni hiyo 419 na BMX za kawaida ni 406, haivai hata ufanyeje. Ya nyuma ya Chopper yangu imekubali ya BMX. Ya mbele nimeisumbukia sana na bado nimevaa iliyochoka, imepasuka pasuka ubavuni kwa jua. Huku kwetu chuma kinapona kwa sababu ya ukame, mpira ndo unakufa, ukinunua ya kutoka Tanga au Dar inakuwa kinyume chake. Na miiba ya migunga usiidharau, mi naweka tyubu ya zamani iliyokatwa kati ya tairi na tyubu mpya, inaongeza uzito lakini inaniondolea viraka vitatu kwa wiki.

Siti usitume nje. Peleka kwa wale mafundi wanaoshona siti za bodaboda, wana sponji wana ngozi ya plastiki wana cherehani nzito, ila wape lile kava la zamani hata kama limechanika vipande, ndo kielelezo chao. Mwambie asikuandikie kitu. Wa kwangu alishaanza kushona "Mungu Mkubwa" kwa uzi mwekundu nikamuwahi kwenye herufi ya nne.

Rangi sasa, ya mwisho, baada ya baiskeli kutembea na kusimama vizuri, na kama tu kweli hakuna ya zamani ya kuokoa. Rangi za miaka hiyo zinaweza kuwa na madini ya risasi (lead), ambayo ni sumu, ndani yake kwa hiyo sugua kwa msasa wa maji, usipige msasa mkavu ukapuliza vumbi uani watoto wanacheza. Kupuliza fanya alfajiri. Mwezi wa saba wa nane upepo wa hapa ukianza saa nne asubuhi na lile vumbi jekundu, tabaka lako la rangi linageuka msasa lenyewe, nilirudia fremu mara mbili kabla sijakubali kuamka saa kumi na moja. Tabaka nyembamba nyingi, usiwe na haraka ya kuona inafunika.

Ukimaliza usiende kuijaribu kwenye mteremko wa UDOM, pale Chuo Kikuu cha Dodoma, kama nilivyofanya mimi. Uzito wote uko nyuma, tairi ya mbele kadogo, ukipanda inataka kunyanyuka na ukishuka kwa kasi usukani unaanza kutetemeka, na breki za kubana rimu ya kromu zikipata maji kidogo ni kama hazipo. Nilishuka nikiwa nimekanyaga lami kwa viatu vyote viwili. Nimezoea sasa, naendesha Area C jioni barabara tambarare, gia ya pili, na wiki iliyopita yule mzee wa Mpwapwa alikuja mjini kwa mambo yake akaiona, akaizunguka, akakaa, akapapasa siti mpya kwa mkono akaniuliza sasa dumu utafungia wapi.