Betri ya Volta kwa maonyesho ya sayansi ya Machi

Mwalimu, umeuliza ni kumbukumbu gani ya kisayansi ya Machi inayofaa kidato cha pili kwa bei nafuu. Chukua tarehe 20 Machi 1800, mwanasayansi Mwitaliano Alessandro Volta alipoandika barua ya kuieleza betri yake.

Tafuta washa 5 (pete bapa za chuma zinazowekwa chini ya nati) zilizopakwa zinki, vipande 5 vya shaba nyekundu na boksi. Piga shaba msasa hadi ing'ae. Koroga vijiko 2 vya chai vya chumvi katika nusu glasi ya maji, loweka vipande vya boksi, kisha vikamue. Hapo ndipo wengi huharibu: maji yakichuruzika pembeni yanaunganisha seli (kila seti ya shaba, boksi na zinki) na volti zinashuka.

Panga shaba, boksi, zinki, halafu shaba tena juu ya zinki moja kwa moja. Ukiweka boksi bichi hapo pia, volti zinafutana. Kila seli hutoa takriban volti 0.7, hivyo seli 5 huwasha LED nyekundu (taa ndogo ya elektroniki), japo hafifu. Mguu mrefu wa LED uende kwenye shaba ya chini.

LED ni pambo tu. Wanafunzi wapime volti kwa multimita (kifaa cha kupimia umeme) kila wanapoongeza seli, wachore grafu.